Raleigh ya Chuma na Gia za Tiagra: Tathmini ya Kilichofaa na Kilichozidi

Baiskeli ninayoitathmini hapa ni Raleigh ya barabarani ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume na kibandiko cha Reynolds 531 kwenye bomba la kiti. Niliinunua kwa muuzaji wa baiskeli za mtumba jijini Nairobi ikiwa na kutu kidogo, matairi yaliyopasukapasuka na sproketi sita za nyuma zilizolika meno. Msomaji wa Afrika Mashariki anaposikia jina Raleigh hukumbuka ile baiskeli nyeusi, nzito, ya kubebea maziwa na magunia; hii ni ya ukoo huohuo lakini ililelewa nyumba nyingine. Niliivua kila kitu isipokuwa fremu, uma wa mbele na beringi za usukani, nikaifunga vifaa vya kisasa, vikiwemo gia za Tiagra za kampuni ya Shimano, kisha nikaiendesha kwa zaidi ya mwaka mmoja, hasa kupanda Limuru kupitia Ruaka na Banana, na mara chache kushuka mteremko wa Mai Mahiu asubuhi na mapema kabla malori hayajaanza kujipanga. Hukumu niitoe mapema ili asiye na muda asisumbuke: fedha nilizoweka kwenye magurudumu na breki zilirudi zote, zile za gia zilirudi nusu, na zile za usukani nazililia hadi leo.

Fremu ndiyo sababu ya kazi yote hii. Mabomba ya Reynolds 531 yalianza kuuzwa na kampuni ya Reynolds ya Birmingham, Uingereza, mwaka 1935, na kwa miongo kadhaa ndiyo yaliyokuwa kipimo cha baiskeli nzuri nchini humo. Ni feleji iliyochanganywa na manganizi na molibdeni, yenye kuta nene kwenye ncha, mahali pa kulehemu, na nyembamba katikati, ambapo mzigo ni mdogo. Ukiligonga bomba kwa ukucha katikati, hulia tofauti na linavyolia karibu na kiungo. Mabomba hayo yamechomekwa ndani ya soketi na kushikwa kwa shaba iliyoyeyushwa, si kwa kuyeyusha feleji yenyewe, na kwa sababu hiyo fremu ya namna hii inavumilia kunyooshwa, kupanuliwa, hata kubadilishwa bomba moja, mambo ambayo mwenye fremu ya alumini au kaboni hashauriwi kuyajaribu. Nguzo ya kiti, ambayo ni ya alumini, ilikuwa imegandana na bomba la chuma kama kawaida ya metali mbili zilizokaa pamoja miaka mingi bila grisi, ikatoka baada ya siku nne za kuimwagia mafuta ya kulegeza kutu na kuizungusha kidogo kidogo. Imechapwa kipimo cha 27.2, ambacho kinauzwa hadi leo, kwa hiyo hapo nilipona.

Mahali ambapo wengi hawaponi ni kwenye hesi za bomba la krenki, lile linalobeba ekseli ya pedali. Baadhi ya Raleigh zilizotengenezwa Nottingham zina hesi za kampuni yenyewe, mistari 26 kwa kila inchi, badala ya 24 ambazo ndizo kawaida ya Kiingereza, na bomba lenyewe mara nyingi huwa na upana wa milimita 71 au 76 badala ya 68. Fremu za Kiitaliano zina kipenyo cha milimita 36 na upana wa 70, na za Kifaransa za zamani zina kipenyo cha milimita 35, huku vikombe vya beringi vya pande zote mbili vikikazwa kwa kuzungusha kulia, hivyo kwamba fundi asiyejua huendelea kukaza akidhani anafungua. Kipimo cha hesi, kile kinachofanana na kisu chenye majani mengi, hugharimu kidogo kuliko kikombe kimoja cha beringi kilichoharibiwa kwa kulazimishwa. Yangu ilipimwa ikawa 68 kwa 24, na tangu hapo nilijua kwamba krenki ya kisasa ya Shimano, ambayo beringi zake hukaa nje ya fremu, ingeingia bila ubishi.

Ubishi ulikuwa nyuma. Fremu za enzi ya sproketi sita na saba ziliachiwa nafasi ya milimita 126 kati ya makucha mawili yanayoshika ekseli ya nyuma, ilhali magurudumu ya barabarani ya breki za rimu yenye sproketi nane hadi kumi na moja yanahitaji 130. Duka moja, ambalo sitalitaja, liliniuzia gurudumu nililohakikishiwa kuwa ni la 130. Nilipofika nyumbani na kulipima kwa kalipa ya fundi seremala nikakuta 135, yaani gurudumu la baiskeli ya milimani. Walikataa kurudisha fedha, wakakubali kubadilisha kwa nyongeza. Tangu siku hiyo kipimo hutoka mfukoni mwangu kabla ya pochi.

Tofauti ya milimita nne ni ndogo kiasi kwamba mtu mwenye nguvu anaweza kuyavuta makucha kwa mikono na kulitumbukiza gurudumu. Nilimwambia hivyo fundi wangu, mzee anayefanyia kazi chini ya mjakaranda na ambaye amezishughulikia baiskeli tangu kabla sijazaliwa. Akatikisa kichwa. "Mwalimu, ukilazimisha, kila ukipata pancha barabarani utapigana nalo. Tuipanue mara moja, yaishe." Alikuwa na sababu nyingine pia, aliyonionyesha kwa kidole: makucha yakivutwa tu bila kunyooshwa upya hayabaki sambamba, yanaikunja ekseli pembeni kila yanapobanwa, na ekseli inayokunjwa kila siku hatimaye hukatika.

Njia aliyoitumia haina moto. Fremu hulazwa ubavu, boriti ya mbao hupitishwa ndani ya uma wa nyuma ikiegemea bomba la kiti, kisha mkono mmoja wa uma husukumwa kwa uzito wa mwili, halafu fremu hugeuzwa na mkono wa pili hufanyiwa vilevile. Ni namna ileile iliyoelezwa kwa kina na marehemu Sheldon Brown, fundi wa Kimarekani ambaye maandishi yake yamewafundisha watu wengi kushughulikia baiskeli za zamani, ingawa mzee wangu hajawahi kuyasoma. Kinachoshangaza ni jinsi chuma kinavyorudi: ili upate milimita mbili za kudumu kila upande inakubidi uusukume mkono mbali sana kuliko hizo mbili, na mara ya kwanza unahisi umeiua baiskeli. Baada ya kila msukumo tulipima kwa uzi uliofungwa kwenye kucha la kushoto, ukapitishwa mbele kuzunguka bomba la usukani na kurudishwa hadi kucha la kulia. Umbali kutoka uzi hadi bomba la kiti lazima ulingane pande zote mbili, la sivyo gurudumu la nyuma litafuata njia yake na la mbele yake. Mwishoni aliyanyoosha makucha yakawa sambamba. Saa mbili za kazi, malipo kidogo kuliko bei ya tairi moja. Katika orodha yote ya gharama sijapata huduma iliyonipa thamani kubwa hivyo. Mwenye fremu ya Reynolds 753, ambayo imetiwa nguvu kwa joto kiwandani na ina kuta nyembamba zaidi, asimpelekee fundi ombi hili.

Magurudumu ya zamani yalikuwa ya inchi 27, na rimu zake zilikuwa za chuma kilichopakwa kromu. Sidhani kama fremu ya daraja hili ilitoka nazo kiwandani, nadhani mmiliki fulani alizifunga baadaye. Yeyote aliyewahi kushika breki kwenye rimu za kromu wakati wa mvua za masika anajua kwamba katika mita chache za kwanza hakuna kinachotokea, na mita hizo zikiwa kwenye mteremko wa Banana, ukiwa nyuma ya matatu iliyosimama ghafla, ni nyingi mno. Rimu mpya ni za alumini, saizi ya 700C, ambayo kipenyo cha kukalia tairi ni milimita 622 dhidi ya 630 za inchi 27. Matairi ya inchi 27 ni ya kusakwa, ilhali ya 700C yanapatikana kwa urahisi zaidi. Zaidi ya hayo, rimu ikishuka kimo hivyo, fremu hupata nafasi ya tairi pana, nami niliingiza la milimita 32 ambalo nalijaza upepo kwa kadiri tu. Hapo ndipo baiskeli ilipobadilika tabia. Vile viraka vya lami kati ya Ruaka na Banana, ambavyo awali vilinifanya nishike usukani kama mtu anayepigwa umeme, sasa navipita nikiwa nimekaa.

Faida hiyo ina bei yake: rimu ikishuka milimita nne, vipande vya breki navyo lazima vishuke milimita nne, na kalipa za kawaida za Tiagra, yaani koleo za breki zinazobana rimu, ambazo ni za mikono mifupi, hazikuifikia rimu kabisa. Nilinunua Tektro R559, kalipa ya mikono mirefu yenye masafa ya milimita 55 hadi 73, na nikachagua toleo la kufungwa kwa nati ya nje kwa sababu fremu za zamani zina tundu jembamba lisilopokea nati ya kuzamishwa ya siku hizi. Mtu anaweza kulipanua tundu la nyuma la uma kwa keekee, na wengi hufanya hivyo. Mimi sikutaka kuchimba chuma kilichodumu miaka arobaini bila kuchimbwa. Vipande vya mpira nilivyofunga ni vya Kool-Stop, vile vya rangi ya nyama ya samaki aina ya samoni, ambavyo katika maji vinashika vizuri kuliko vyeusi nilivyovijaribu awali.

Je, breki hizi zinatosha? Kwenye mteremko wa Mai Mahiu, barabara inayopita kando ya kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942, ninashuka kwa mwendo ninaouamua mwenyewe, jambo ambalo mwanzoni lilikuwa nje ya uwezo wangu. Hata hivyo mikono ya breki ya Tiagra na kalipa hizi havikubuniwa kwa pamoja, na mikono mirefu ya kalipa hupinda kidogo inapobanwa kwa nguvu, kwa hiyo vidole hufanya kazi zaidi kuliko kwenye baiskeli ya kisasa niliyoazima kwa jirani. Baada ya dakika kumi za kushuka ninavihisi. Anayetarajia wepesi wa breki za diski ataona ameuziwa mbuzi kwenye gunia; anayetoka kwenye rimu za kromu atadhani amepewa baiskeli nyingine.

Kifungio cha haraka cha gurudumu la nyuma nakitaja kwa sababu kilikaribia kuniangusha. Makucha ya fremu hii yamelala, si ya wima, hivyo kwamba gurudumu linaweza kuvutwa mbele na mnyororo endapo halijabanwa sawasawa. Magurudumu mapya yalikuja na vifungio vyepesi ambavyo sehemu yake ya kubana iko nje, wazi, na ambavyo vinafaa kwenye makucha ya wima. Nilipoinuka juu ya pedali kwenye kilima cha Banana, gurudumu likateleza, tairi likaigusa fremu, nami nikasimama ghafla katikati ya barabara nikiwa nimeng'ang'ania usukani. Niliweka vifungio vya Shimano vya chuma, ambavyo sehemu ya kubana imefichwa ndani, na gurudumu halijasogea tena. Rahisi ghali ndiyo hiyo.

Sasa gia. Seti niliyochagua ni Shimano Tiagra 4700 ya sproketi kumi: mikono ya breki inayobadilisha gia, krenki ya meno 50 na 34, vihamisha mnyororo vyote viwili, na kaseti, yaani rundo la sproketi za nyuma, ya meno 11 hadi 32. Kihamisha mnyororo cha mbele hufungwa kwa mkanda wa milimita 28.6, kipimo cha bomba la kiti la fremu hii. Pale zilipokuwa zimefungwa gia za zamani za kusukuma kwa kidole, kwenye bomba la chini, nimefunga vizuizi vya waya vyenye skrubu ya kurekebishia. Vinakaa kwenye vishikio vilevile, bila kuchimba na bila kulehemu. Kihamisha mnyororo cha nyuma kiwe chenye mkono mrefu, kwa kuwa kile kifupi cha seti hii huishia kwenye meno 28.

Tofauti ya vilimani inahesabika. Awali gia yangu nyepesi kabisa ilikuwa meno 42 mbele na 28 nyuma, na kila mzunguko wa pedali ulinisogeza takriban mita 3.2, sasa ni 34 kwa 32, na mzunguko mmoja hunisogeza takriban mita 2.3. Kwa mtu wa umri wangu anayepanda kutoka mita 1,700 na kitu za Nairobi hadi zaidi ya mita 2,200 za Limuru, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama atafika akiongea au akihema. Kubadilisha gia bila kuachia usukani ni starehe ya kweli pia, hasa katika msongamano, ingawa niliishi bila hiyo kwa miaka na sikujiona mnyonge.

Lakini sproketi kumi ni kali kwa fremu ya zamani. Kutoka sproketi moja hadi nyingine ni milimita 3.95 tu, ilhali zile sita za awali zilikuwa zimeachana kwa takriban milimita 5.5, kwa hiyo sikio la fremu linaloshika kihamisha mnyororo likipinda hata kidogo, gia huanza kurukaruka. Sikio la fremu ya chuma halibadilishwi kwa kipya kama la alumini; hunyooshwa palepale kwa chombo maalumu chenye mkono mrefu unaolinganishwa na rimu. Langu limenyooshwa mara mbili, mara ya pili baada ya baiskeli kuanguka ikiwa imeegemezwa ukutani, bila mtu juu yake. Mnyororo wa sproketi kumi nao ni mwembamba, unachoka mapema zaidi vumbi la Januari linapoingia, na mafundi wengi wa barabarani hawana akiba yake, wakati mnyororo wa sproketi sita hadi nane unaupata karibu kila mahali penye spana na beseni la maji la kutafutia pancha. Jambo jingine la kuangaliwa ni kwamba kihamisha mnyororo cha nyuma cha Tiagra 4700 hakikubaliani na mikono ya gia ya sproketi kumi iliyotangulia, kwa kuwa kiasi cha waya kinachovutwa kwa kila mbofyo ni tofauti. Aliyepata kipande kimoja cha mtumba kwa bei nzuri asifurahi kabla ya kusoma namba yake.

Nikianza upya nitachukua Claris ya sproketi nane au Sora ya tisa, zote za Shimano, kwa kaseti yenye masafa karibu na haya, na salio nitalitia kwenye habu bora, yaani vitovu vya magurudumu. Kupanda juu zaidi, kwenye daraja la Shimano liitwalo 105, sioni maana yake tena kwa fremu kama hii: seti ya R7000 ya sproketi kumi na moja ndiyo iliyokuwa ya mwisho ya 105 kutengenezwa kwa breki za rimu, na iliyoifuata, R7100, ni ya diski pekee.

Usukani sitauzungumzia sana kwa sababu unanikera. Mikono ya kisasa ya breki haikai vizuri kwenye mpindo wa kizamani, huinama kama masikio ya punda aliyechoka, kwa hiyo nilinunua usukani mpya wenye mpindo mfupi na kipenyo cha milimita 31.8 katikati, halafu adapta ya kuingia ndani ya bomba la uma la inchi moja, halafu shingo ya kisasa ya kuushika. Vinafanya kazi, wala havilegei. Lakini vikiwa pamoja vinafanana na maungio ya bomba la maji la tanki, juu ya fremu yenye soketi zilizochongwa kwa ustadi, na kila ninapoinama kunywa maji ndicho ninachokiona. Shingo ya Nitto ya mtindo wa zamani, pamoja na usukani wa kipenyo cha milimita 26 wenye mpindo uliolegezwa, ingeniondolea aibu hiyo kwa bei ambayo haikuwa mbali.

Kwa jumla, vifaa vilinigharimu zaidi ya mara tatu ya bei ya baiskeli yenyewe, na kwenye mizani ya muuza nafaka imepungua kilo moja na ushei, nyingi ya hizo zikiwa za rimu za kromu. Mwenye bajeti ndogo afanye haya tu: kupanua fremu ikibidi, magurudumu ya alumini ya 700C, kalipa zinazoifikia rimu, vipande vizuri vya mpira, matairi mapana. Gia za kusukuma kwa kidole zinaweza kubaki zilipo, kwa kuwa hazibofyi bali huteleza, na hazijali una sproketi ngapi nyuma. Zangu ninazo bado, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Mkono wa gia wa Tiagra haukutengenezwa ili ufunguliwe na kukarabatiwa, na siku ule wa kulia utakapokataa kubofya nitaondoa kizuizi cha waya, nifunge wenzo wa zamani kwenye kishikio chake, na kupanda Limuru, hata nikikosa sproketi moja au mbili za pembeni.